Mwano wa Mbuke

Mbuke binti Masalu alikuwa na mkono mwepesi. Alimpiga mume wake wa kwanza kwa mwiko wa ugali mpaka mwiko ukavunjika, na yule bwana akahamia Nkome kuanika dagaa, ambako inasemekana analala usingizi mnono. Kwa hiyo chuo kikuu kilipokabidhiwa msitu ulio nyuma ya kijiji, huku upande wa Bugarama, kikaomba mtu wa hapohapo wa kuulinda na kuwafundisha wenzake, wazee hawakuumiza vichwa. Walimtoa Mbuke.

Na alifundisha kweli. Kwenye mkutano wa kwanza, Bwana Benjamini, mhifadhi wa chuo, alieleza habari za hewa ukaa mpaka watu wakaanza kusinzia. Mbuke akasimama, akamkatiza bila kuomba radhi. Alijua Msukuma huamshwa na nini.

"Ng'ombe wako akiibwa, unalala?"

"Hatulali!"

"Basi mti huu ni ng'ombe, na mvua ndiyo maziwa yake. Anayeukata ni mwizi wa ng'ombe, sawasawa na yule anayevunja zizi."

Vigelegele vikapigwa. Benjamini alifurahi, akaagiza maneno hayo yafundishwe hadi shuleni, na watoto wakayaimba njia nzima wakienda kisimani.

Huko chuoni huenda hawakujua mwizi wa ng'ombe hufanywa nini huku kwetu. Mbuke alijua. Tangu utotoni aliusikia mwano, lile yowe la kuibiwa mifugo. Mwano ukipigwa, kila mwenye miguu hutoka na alichokishika, awe na fimbo, panga au upinde, na asiyetoka hutozwa faini na sungusungu, walinzi wa kijiji. Hakuna anayeuliza kitu. Watu hufuata sauti, na wakimkuta mtu, wamemkuta.

Mchana mmoja wa kiangazi alimkuta Edson msituni na shoka. Edson alikuwa kijana wa Kibondo, mchimbaji wa dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya machimbo ya jirani, na mara nyingi alipita kwa Mbuke kuomba maji ya kunywa. Alikuwa ameshaangusha mninga mmoja, anauanza wa pili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Weka shoka chini."

"Mama, jana duara lilitaka kutufukia. Kuta zinamomonyoka. Tusipoweka matimba ya kuzishikilia tutakufa wote mle ndani."

"Magogo kakateni kwenu."

"Kwetu mbali, mama," alisema Edson, akacheka, akautia mti shoka tena.

Ni kile kicheko. Mbuke alikuwa na simu mfukoni, na ofisi ya kijiji haikuwa mbali. Lakini hasira zake zilikuwa zimeshafika kooni. Akaweka kiganja mdomoni, akapiga mwano.

Mgeni hajui mwano. Edson alidhani mama anamwita mtu aje kusaidia kubeba magogo. Alijifuta jasho, akaketi juu ya mninga ulioanguka, akangoja. Laiti angekimbia!

Walitokea pande zote. Mbele alikuwa Mabula, kamanda wa sungusungu, na rungu lake. Pigo la kwanza lilishuka kwenye goti, na goti likavunjika kwa sauti ya ukuni mkavu. La pili mdomoni. Edson hakupata hata nafasi ya kuuliza. Limi, jirani ambaye Mbuke hupeana naye chumvi, alikuja na mchi wa kinu, naye akatwanga mbavu.

Hasira za Mbuke ziliyeyuka papo hapo, woga ukachukua nafasi yake.

"Acheni! Ni mti tu, Mabula! Si ng'ombe, ni mti!"

"Mwalimu, ulisema ni kitu kimoja," Mabula alimjibu, tena kwa heshima, akainua rungu.

Mbuke aliokota shoka la Edson, akalizungusha, mpini ukatua kwenye taya la Mabula na meno yakaruka. Alimng'ata mtu mkono mpaka akaonja damu. Akajitupa juu ya kijana akamfunika kwa mwili wake. Fimbo zilimshukia mgongoni, bega likateguka, hakubanduka. Ilibidi wamkamate miguu wamburute, kucha zake zikichimba majani makavu, naye akiwatukana wote kwa majina ya mama zao.

"Mama!" Edson aliita. Mbuke mpaka leo hajui kama aliitwa yeye au aliyemzaa. Halafu mtu akamwangushia Edson jiwe kichwani, na hapakuwa na wa kuita tena.

Polisi walikuja, wakachukua vijana kadhaa, wakawarudisha. Kijiji kizima hakikuona kitu. Mbuke peke yake alitaja majina, jina lake likiwa la kwanza, lakini shahidi mmoja dhidi ya kijiji hakufika mbali. Limi hakumsalimia tena.

Masika yalipokwisha, Benjamini alileta wageni kutoka chuoni. Walizunguka msitu asubuhi yote, wasione kisiki kibichi hata kimoja. Wakampigia Mbuke makofi. Walitaka akafundishe na vijiji vya kule Katoro.

Mbuke alimvuta Benjamini kando, mkono mzima ukimshika shati.

"Unajua kwa nini hawakati?"

"Najua, mama. Lilikuwa jambo baya sana. Limeniuma." Benjamini alitazama chini, kisha akashusha sauti. "Lakini angalau sasa msitu unapona."

Kofi lilimpata shavuni kabla hajafunga mdomo. Miwani ikarukia kichakani. Akamwongeza la pili, na la tatu, akilia kwa sauti, mpaka wageni wakakimbilia kumshika.

"Angalau!" alipiga kelele. "Mtu amekufa, unaniambia angalau!"

Kazi iliishia hapo. Siku hizi Mbuke analima mihogo ng'ambo ya barabara. Msitu umefunga vizuri, nyani wamerudi, na hakuna mtu anayethubutu kuvunja hata kijiti cha mswaki mle. Wanafunzi wa chuo huja kujifunza jinsi wanakijiji walivyoupenda.