Moshi wa Kibuyu Ndani ya Gari

Owino, dereva wa meneja wa shamba la chai karibu na Kiptere, alikuwa mwepesi wa hasira. Siku hiyo alikuwa amempakia mama mmoja wa Kikipsigis, Tapsubei, bila ruhusa. Njiani kibuyu chake cha maziwa lala kikafunguka, kiti cha nyuma kikaloa chapachapa. Owino alisugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu, akamtukana hata ng'ombe aliyekamuliwa. Harufu haikutoka.

"Unaosha kama shati," Tapsubei akamwambia. "Kibuyu sisi tunakisafisha na moto."

Akawasha kijiti cha senetwet, ule mti wa kusafishia vibuyu, akafukiza gari lote. Harufu ya maziwa ikaisha. Ikabaki ya moshi.

Jioni meneja na mkewe wakaingia garini. Memsabu akanusa, akanusa tena. Owino akaganda kwenye usukani.

"Si nilikukataza kuvuta kiko humu ndani?" akamfokea mumewe.

Meneja akainamisha kichwa. "Ilikuwa jana tu," akasema kwa sauti ya chini. "Sitarudia."

Owino akashusha pumzi, akaondoa gari taratibu.