Nilijiandaa kupasuliwa moyo, daktari akaniambia "sikupasui"

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenipata mwenyewe, sijasimuliwa, na mpaka leo sijatulia.

Nina miaka 54, nafundisha shule ya msingi huku Matai, Ufipa.

Tangu mwaka jana, nikipanda mlima kidogo tu kifua kinabana kama nimekaliwa na mtu. Nikisimama kinaachia.

Nikapewa rufaa hadi Dar. Wakapiga picha za mishipa ya moyo: miwili imekuwa myembamba.

Hapo nikajua ni kisu. Nilikuwa nimeshaungama kwa padri, na kabla sijasafiri kaka zangu walipanda kutoka Mtowisa, kule bondeni, kuja kuniaga. (Yule mdogo kati yao alilia kabisa, mfugaji wa ng'ombe asiyeliaga yule.)

Daktari, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani, akanipa shikamoo, akatazama picha.

"Mwalimu, sikupasui."

Akatazama tena picha, kisha akaniuliza:

"Kifua kinabana hata ukiwa umekaa?"

"Hapana, mpaka nitembee."

"Mshipa mkuu wa kushoto ni mzima, na moyo unasukuma vizuri. Kwa hali yako tunaanza na dawa. Zikishindwa kutuliza maumivu, tutaongea upasuaji. Kikibana umepumzika, usisubiri, wahi hospitali."

Wakuu, mimi nilisikia kitu kimoja: nimekatiwa tamaa. Wamenirudisha nikafie Ufipa.

Nyumbani nikaacha kumeza vidonge. Sikumwambia mtu.

Wiki ya tatu, kutoka ndani hadi getini nasimama mara mbili. Asubuhi moja mke wangu, Devota, akafungua begi langu.

"Baba Neema, mbona pakiti zimejaa?"

Nikamwambia niliacha kumeza tangu nirudi, maana walikataa kunipasua.

"Kwa hiyo bila kuchanwa huamini kama umetibiwa?"

Asubuhi hiyo hiyo akanipeleka hospitali Sumbawanga. Wakapima, bahati nzuri moyo haukuwa umeumia. Nikarudishwa kwenye dawa, dozi moja ikaongezwa.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Nafundisha vipindi vyote, nalima bustani yangu ya mboga polepole, na kifua hakijabana wiki kadhaa.

Nilichojifunza: muulize daktari kwa nini anapasua, na kwa nini hapasui. Mimi sikuuliza hata swali moja, nikaenda kujihukumu mwenyewe, nikakaribia kumwacha Devota mjane huku dawa zipo kwenye begi.

Mliowahi kuambiwa "subiri kwanza", mlipokeaje? Na mliopasuliwa, daktari alitumia kigezo gani? Nipo hapa, nasoma kila mtakachoandika.