Nukta ya Kwa Ngassa

Siwema Masanja alikuwa mfugaji nyuki wa Usinge na katibu wa kikundi chao, ndiyo maana alitumwa Tabora kwenye semina ya programu ya ramani. Kabla ya semina, kampuni inayoiuza iliwaomba washiriki waiweke kwenye simu, kisha watembee kwao wakitia alama mahali wanapopajua. Siwema alitia alama mizinga, kijito, na nyumba anayopumzikia akitoka kurina asali. Hiyo ya mwisho aliiandika: Kwa Ngassa.

Ukumbini Gongoni, mjini Tabora, Julieth, binti aliyeletwa na kampuni kutoka Dar, alianza kwa kuchora ukutani, kwa projekta, njia ya zamani ya misafara, kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, ikipita karibu kabisa na hapo walipoketi. Watu wakapiga makofi. Siwema naye alipiga. Kumbe kisimu chake kingeweza kuuambia ukuta wa Tabora mizinga yake imetundikwa wapi.

"Sasa tuone kazi zenu," Julieth akasema. "Usinge wamejitahidi sana, tuanze nao."

Nukta za Siwema zikatokea ukutani. Julieth akabonyeza tena, na rangi ya kijani ikaanza kutandaa juu ya ramani. "Hii ni hifadhi ya msitu na mipaka yake."

Humo ilikatazwa kuishi na kulima. Mizinga ilikuwa na kibali, haikumtisha. Macho yake yalikuwa kwenye ile nyumba. Kijani kilipotulia, jina la kaka yake lilikuwa katikati yake, na ofisa misitu, Bwana Eustace, aliyeketi safu hiyohiyo, alikuwa ameacha kuandika.

Siwema alijikuta amesimama. "Mwanangu, hiyo moja naomba uifute."

"Naifuta, mama. Ila wote humu wameshaipata kwenye simu zao. Ndiyo uzuri wa programu yenyewe."

Baadhi wakacheka. Eustace hakucheka.

Wakati wa chai alimfuata Siwema dirishani.

"Ngassa ni nani yako?"

Neno jirani lilimfikia mdomoni kabisa. Akalimeza. "Kaka yangu. Tumbo moja."

"Analima humo?"

"Mahindi. Mengine muulize mwenyewe."

"Nitafika Jumatatu," Eustace akasema. "Umwambie, usimwambie, nitafika."

Kipindi cha mchana kilimpita Siwema. Julieth alikuwa akieleza, watu wakiuliza, naye akiona midomo ikicheza tu.

Aliporudi Usinge hakupitia kwake kwanza. Alimkuta Ngassa anapalilia, akamweleza yote bila kujitetea. Ngassa akaegemea jembe.

"Miaka yote hawakuniona," akasema kwa Kinyamwezi, taratibu. "Umewaonyesha wewe."

"Sikujua kama wataweka mpaka juu yake, kaka."

"Nenda, Siwema."

Jumatatu Eustace alifika na askari wa misitu. Aliruhusu mahindi yavunwe kwanza, ndipo nyumba ibomolewe. Baada ya mavuno Ngassa alihamia Nzega, kwa wakwe zake, bila kuaga.

Siwema bado anaitumia ile programu, maana wanunuzi wa asali wanaitaka. Kabula, mke wa Ngassa, humpigia simu sikukuu zikifika. Mara ya mwisho Siwema alisikia mtu akikohoa karibu na simu, akamtambua kaka yake.

"Wifi, muulize kama ataongea nami."

Siwema akamsikia Kabula akimuuliza.

"Anakusikia," Kabula akasema.