Vidonge vya Jioni

Mama yangu aliugua kisukari kwa miaka kadhaa, na kila tulipokwenda kliniki Ruangwa alimjibu daktari neno moja tu. Unameza dawa? Ndiyo. Asubuhi na jioni? Ndiyo. Sukari haikushuka. Daktari aliongeza dozi, na bado haikushuka.

Baadaye kliniki ilianza kuwakutanisha daktari, muuguzi na wahudumu wa afya wa vijijini, wamzungumzie mgonjwa mmoja mmoja. Mhudumu wa kijijini kwetu, Mbekenyera, mwanamke wa makamo, alimwambia daktari, "Usiongeze dozi kwanza. Ngoja nifike kwao."

Alitukuta tunapepeta ufuta. Aliketi akapepeta nasi, kisha akamwuliza mama kwa Kimwera anavyotumia dawa. Mama, ambaye Kiswahili kilimpa tabu, alieleza yote bila kusita. Vidonge vya asubuhi alivimeza mwenyewe. Vya jioni alimpelekea jirani yetu mjane, mwenye ugonjwa uleule, ambaye hakuwa na uwezo wa kwenda kliniki.

"Ningemezaje peke yangu huku namwona anakonda?" aliuliza.

Mimi niliona aibu, kwa kuwa niliishi naye na sikujua. Mhudumu hakumkaripia. Alikwenda kwa jirani akampima, na wiki iliyofuata muuguzi alimwandikisha na kumwombea msamaha wa malipo.

Tangu hapo walikwenda kliniki pamoja. Sukari ya mama ilishuka taratibu. Jirani naye alipata nafuu, ila jicho lake la kushoto lilikuwa limeshapofuka.