Siku Niliyokuwa Jua

Mpaka leo nikiona manjano dukani natazama pembeni, na mke wangu anajua sababu na anacheka, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hajawasimulia yeye (akisimulia yeye hunifanya mjinga zaidi kuliko nilivyokuwa, na nilikuwa mjinga wa kutosha).

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami kijana mbichi kutoka Tabora mjini, nimepangiwa darasa la kwanza katika kijiji kipya kando ya barabara ya Igunga. Darasa lilikuwa na paa bila kuta, lakini mimi nilikuwa na moto, nilitaka watoto wale wajue kila kitu siku hiyohiyo. Na siku hiyo ndiyo aliyokuwa anakuja Mzee Sefu, fundi cherehani wa mtaa wa Cheyo kule mjini, baba wa Mwajuma niliyekuwa nimemposa, aone kwanza huko porini anakoombwa kumpeleka binti yake ndipo atoe jibu. Mama alishaniletea manjano ya mchuzi wa kuku wa mgeni.

Somo lilikuwa jua, mwezi na dunia, na watoto walinibishia. Masanja alisema jua linatembea, yeye analiona kila siku, linatokea kisimani linakwenda kulala nyuma ya zizi la babu yake. Nikasema hapana, jua limesimama, dunia ndiyo inayozunguka. Wakanitazama kwa huruma. Hapo wazo likanijia (laiti lingepita), nikakimbia nyumbani, nikakoroga manjano na mafuta ya karanga, nikajipaka uso, shingo na mikono mpaka kwenye viwiko, nikatoka nang'aa.

Watoto walishangilia. Nikasimama katikati ya uwanja nimetanua mikono. "Mimi ni jua," nikawaambia, "na jua halisogei wala halisemi. Masanja, wewe ni dunia, jizungushe polepole huku unanizunguka. Kabula, wewe ni mwezi, mzunguke Masanja." Kabula nilikuwa nimempaka majivu, akawa mweupe vizuri. Jamani, ilikwenda kama nilivyoota: Masanja akinipa kisogo anasema "Usiku", akinigeukia anasema "Mchana", darasa zima linaitikia, na mimi pale machozi yananitoka, nusu kwa furaha na nusu kwa sababu manjano yalikuwa yameniingia machoni.

Sikumwona Shija, mdogo kuliko wote, ambaye alichelewa kufika na hakusikia maelezo. Alitutazama kidogo, akageuka, akakimbilia shamba la ujamaa kumwambia mama yake, "Mwalimu amekuwa wa manjano, macho mekundu, amesimama tu juani hasemi."

Bwana afya alikuwa amepita karibuni kutuonya juu ya homa ya manjano. Walikuja wote, na majembe yao.

"Mwalimu, unaumwa?" aliniuliza mwenyekiti wa kijiji.

Sasa mimi nikafikiri, nimewaambia watoto jua halisemi, nikijibu somo zima linaharibika. Nikanyamaza. (Hapo ndipo nilipojimaliza.) Akauliza tena, nikazidi kukodoa macho mbele.

"Hata kusikia hasikii," akasema. "Mshikeni."

Wakanilaza kwenye kitanda cha kamba, wakanifunga kwa kanga, wakanibeba mbio kwenda barabarani kutafuta gari la hospitali. Nikapata sauti sasa, nikawa napiga kelele, "Niacheni, mimi ni jua, mimi ni jua," na akina mama wakaanza kulia kwamba homa imeshapanda kichwani.

Lori la pamba likasimama. Akashuka Mzee Sefu, kanzu nyeupe, mwavuli mkononi.

"Shikamoo baba," nikamwamkia kutoka kitandani.

"Marahaba," akajibu huku anarudi nyuma. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Huyu ndiye?"

"Ndiye, mzee. Tunampeleka Tabora, sijui kama atafika."

Mzee Sefu akasogea, akainama, akanusa. "Huyu hanuki homa," akasema taratibu. "Ananuka mchuzi." Akanipitishia kidole shavuni, akakiinua watu wakione.

Kabula, mweupe kwa majivu, alikuwa ametufuata akihema. "Mwalimu ni jua," akasema, "na mimi ni mwezi. Mbona mmelichukua jua?"

Kijiji kizima kilicheka mpaka mwenyekiti akakaa chini. Mimi nilitamani lori linikanyage. Mzee Sefu tu hakucheka. Alimwita Masanja, akamuuliza usiku unatoka wapi, na Masanja akajizungusha palepale vumbini akamweleza vizuri kabisa, akaombwa arudie, akarudia. Mzee akanigeukia, nami bado nimefungwa.

"Mwajuma anapenda sana kucheka," akasema. "Nitampa ruhusa aje. Ila jikoni aingie yeye."

Jioni alikula mchuzi wa kuku mweupe peee bila kuuliza. Nami nimefundisha jua miaka mingi tangu hapo, lakini kwa chungwa na taa ya kandili, na mtu akiniuliza kama naumwa, hata niwe katikati ya neno, naacha kwanza nimjibu.