Upana wa Mstari

Jumatatu, tarehe 14 Septemba 1998, Huguette Nabintu alipewa kibali cha kusuka nywele kando ya njia pale Warwick Junction, jijini Durban, Afrika Kusini: nafasi ya kiti chake, kiti cha mteja na meza ndogo. Sharti lilikuwa fupi. Anayepigana hapo anaipoteza nafasi. Watoto wake wawili walikula kwa nafasi hiyo, na hakuwa na nyingine.

Kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, alikuwa mwalimu wa jiometri. Aliwafundisha wanafunzi kwamba mstari hauna mwanzo wala mwisho, na hauna upana. Ule wa chaki ubaoni ni picha yake tu. Mwaka 1996 vita vikaingia mjini, na askari wakaamuru wanaume wapange mstari ukutani. Mumewe, Séverin, alisimama mwishoni. Askari wakaanzia upande wake. Tangu siku hiyo Huguette hasimami kwenye mstari wa mkate wala wa teksi bila kugeuka nyuma.

Jirani yake Warwick alikuwa Dulla, kijana wa Tanga aliyeuza mikanda. Ujirani wao ulikuwa wa kuazimana chumvi, na katika mazungumzo ya mchana Huguette alimsimulia kifo cha Séverin.

Januari wafanyakazi wa manispaa walikuja na ndoo za rangi. Wakaitenga kila nafasi kwa mstari mweupe, mpana kama kiganja. Kesho yake Dulla alisimamisha chuma chake cha kutundikia mikanda juu ya rangi yenyewe, mikanda ikaning'inia kichwani mwa mteja wa Huguette.

"Dulla, kaka, toa chuma. Iko kwangu."

"Kwako wapi, mama mwalimu? Nimeweka juu ya mstari."

"Juu ya mstari hakuna nafasi ya kitu. Mstari haina upana. Yenyewe iko katikati ya rangi, huwezi kuiona."

Dulla akawageukia wauzaji wenzake. "Jamani, mnasikia? Mstari hauonekani! Na hii nyeupe ni nini, uji wa Mkongo umemwagika?"

Watu wakacheka. Agathe, aliyechemsha mahindi ng'ambo ya njia, hakucheka. "Eish, Dulla, acha mama ya watu."

"Nimwache? Kwao alishindwa kulinda mume, huku anakuja kulinda rangi!"

Huguette aling'oa chuma kile, mikanda ikaporomoka, akampiga nacho Dulla mdomoni. Meno mawili yalianguka kwenye sakafu ya saruji. Akampiga begani. Alipoanguka akampiga mbavuni, bila kelele, akilenga kila pigo. Dulla aliokota mkanda wenye kichwa kizito cha chuma, akamchapa nao usoni. Nyama ya shavu ikafunguka na jicho la kushoto likafumba. Mteja alikimbia na kichwa nusu kimesukwa. Agathe akajitosa katikati kuwaamua. Wakisukumana hadi ng'ambo ya njia, wote watatu waliiangukia sufuria yake, na maji ya mahindi yanayotokota yakammwagikia Agathe pajani. Ni ukelele wake uliowasimamisha.

Kamati ya wauzaji ilikaa wiki ile ile. Mwenyekiti aliuliza nani alipiga kwanza. Dulla, mdomo umevimba, alimnyooshea Huguette kidole. Agathe alianza kusema kwamba kijana alimchokoza mwenzake, lakini Huguette akamkatiza.

"Ni mimi."

"Kwa ajili ya mstari?" aliuliza mwenyekiti.

"Hapana. Rangi ningemwachia."

"Basi kwa nini?"

Alimtazama Dulla kwa jicho lake moja lililokuwa wazi. Dulla aliinamisha kichwa. Sharti lilisomwa, na wote wawili wakanyang'anywa vibali vyao.

Jumatatu ijayo Huguette ataanza kufagia ghala moja Clairwood, zamu ya asubuhi. Watoto watashinda kwa Agathe, ambaye bado anatembea na bandeji pajani.