Indiketa za Lori la Mzee Mazengo

Ritha alikuwa fundi umeme wa magari pale Makole, Dodoma, mwanamke pekee katika gereji ile, na kwa miaka sita alijivunia jambo moja: gari likitoka mikononi mwake halirudi na ugonjwa uleule. Ndivyo ilivyokuwa mpaka mwaka 2004, zilipoingia balbu za LED.

Aliyezileta ni Mohsin, mwenye duka la vipuri mtaa wa pili. Alizisifu kwamba hazili umeme na hazikatiki kwa mtikisiko. Mzee Mazengo, aliyekuwa akisomba alizeti kwa lori kutoka Kolo hadi Dodoma, akazitaka papo hapo, maana mashimo ya barabara ile yalimmalizia balbu kila wiki. Ritha akamfungia za breki na za indiketa, zote mpya.

Kesho yake asubuhi lori likarudi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, umenifungia nini? Indiketa inapiga mbio kama imepagawa. Mimi nina miaka thelathini barabarani. Indiketa ikikimbia, balbu imeungua."

Ritha alizunguka lori zima. Balbu zote zilikuwa zinawaka. Akasugua kutu, akakaza nyaya, akabadilisha balbu mbili. Mbio zikabaki zilezile. Siku ya pili akalala chini ya lori mpaka adhuhuri, huku fundi mwenzake Castory akimcheka. "Mrudishie za zamani uishi kwa amani," alimwambia. Ritha alikuwa karibu kulia kwa hasira.

Siku ya tatu, kwa kukata tamaa tu, alirudisha balbu za zamani upande wa kushoto. Mbio za upande ule zikatulia. Hapo akaelewa. Kosa halikuwa kwenye taa, lilikuwa kwenye flasha, kile kidude kinacholia tik-tik chini ya dashibodi.

"Mzee, flasha haina macho," alimweleza. "Inapima umeme unaopita, basi. Balbu hizi zinakula umeme kidogo mno, kwa hiyo yenyewe inadhani moja imeungua."

"Kumbe haijaungua?"

"Haijaungua."

"Na gari linaniambia imeungua." Mzee Mazengo akatikisa kichwa. "Gari langu mwenyewe linanidanganya!"

Mohsin aliagiza flasha ya LED kutoka Dar es Salaam. Ilipofika, Ritha aliifunga, indiketa zikapiga taratibu kama zamani. Mzee akampa mkono, na usiku ule Ritha akalala usingizi mzito.

Haukupita mwezi, lori likaingia gereji kwa kishindo. Mzee Mazengo alishuka bila hata kufunga mlango.

"Nimekata kona kwenda Chimwaga, basi likanikosakosa! Trafiki ananiambia indiketa ya nyuma kulia imekufa. Imekufaje, na huku ndani inapiga vizuri kabisa? Mbona haikukimbia?"

Ritha alifungua taa. Mguu wa balbu ulikuwa umelegea kwa mtikisiko, haugusi. Akabaki ameinama pale, bisibisi mkononi. Flasha mpya ilikuwa inapiga mwendo mmoja tu, taa zikiwa nzima au zimekufa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwondolea mzee onyo lake, na hakuna mahali popote kwenye boksi la flasha palipoandikwa hivyo.

Alikwenda kwa Mohsin akiwa na boksi lile mkononi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Dada Ritha, nami ndiyo kwanza nasikia kwako," alijibu Mohsin, na uso wake ulionyesha anasema kweli.

Ritha akarudisha balbu za zamani kwenye indiketa, na flasha ya zamani. Za breki Mzee Mazengo alikubali zibaki, kwa shingo upande.

Lakini madereva wengine walikuwa wameshaziona zile za breki zinavyong'aa, wakaanza kumiminika. Kila aliyekuja, Ritha alimketisha kwanza: "Sikiliza, ukiziweka kwenye indiketa zitakimbia bila ya kuungua, na ukibadilisha flasha, siku zikifa hutajua. Itabidi ushuke uzitazame kila asubuhi."

Wengi hawakungoja amalize.

"Fundi, wewe funga tu," walimwambia. "Nina haraka."

Ritha akashusha pumzi, akachukua bisibisi.